Heko kwa marubani wa Kavumu

Mtu wa Kilembwe akitaka kufika Bukavu huwaza barabara kwanza: matope, Baraka, Uvira, kisha milima. Mimi leo nawapongeza wanaofika kwa juu.

Uwanja wa ndege wa Kavumu, unaohudumia Bukavu, uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na safu ya Kahuzi imesimama upande wa magharibi. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo ndege hugusa ardhi kwa kasi kubwa zaidi na huhitaji nafasi ndefu ya kusimama. Mawingu yakitanda, rubani hushuka akitegemea vyombo tu, macho yakihama kutoka kipimo cha kimo hadi cha mwelekeo, hadi cha kasi. Kuna kimo alichowekewa. Akikifikia bila kuuona uwanja, huongeza nguvu ya injini na kupanda tena, hata abiria wakinung'unika. Kwa uamuzi huo hasa nawavulia kofia. Hatari ya kutua huko ilionekana tarehe 12 Februari 2012: ndege iliyombeba mwanasiasa Augustin Katumba Mwanke ilipitiliza mwisho wa njia ya kutulia hapo hapo Kavumu, naye akafariki.

Heko pia kwa wa Goma: huko, lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kutulia mwaka 2002. Marubani waliendelea kutua kwenye kipande kilichobaki, miaka na miaka.