Javed na Ngoma ya Nyumbani

Filamu iitwayo Blinded by the Light, iliyotolewa mwaka 2019, iliongozwa na Gurinder Chadha, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1960 na kuhamia Uingereza na wazazi wake angali mtoto. Kisa chatokana na kitabu cha kumbukumbu cha Sarfraz Manzoor. Javed, kijana wa miaka 16 ambaye wazazi wake walitoka Pakistani, akaa Luton mwaka 1987. Babaye apoteza kazi katika kiwanda cha magari cha Vauxhall, na wafuasi wa National Front waandamana barabarani dhidi ya watu wa asili yake. Rafiki yake Singasinga ampa kaseti za Bruce Springsteen. Naye, usiku wa tufani ya Oktoba, asikia dhiki zake zikisemwa na mtu wa New Jersey.

Usiku huo umetengenezwa vizuri mno. Maneno ya nyimbo yatokea ukutani kumzunguka kijana, hata mtazamaji ayasoma pamoja naye. Wimbo umekuwa maandishi, na ndivyo ipasavyo, maana Javed ni mtunzi wa mashairi.

Lakini liko tukio jingine lipitalo upesi, nami nalishika zaidi. Javed afuatana na dadaye Shazia kwenye dansi ya mchana, ambako vijana wenziwe wacheza bhangra kwa siri ya wazazi. Yeye amevaa vidude vya kusikilizia, na masikioni mwake yumo Springsteen. Bi Chadha aujua uzito wa bhangra: mwaka 1989 alitengeneza filamu ya hali halisi juu ya vijana wa namna hiyo na muziki huo. Mbona hapa ameufanya kuwa pambo?

Huku kwetu Singida, kijana wa Ikungi azungumzaye Kinyaturu na bibi yake huimba Bongo Fleva ya Dar es Salaam kabla hajauona mji wenyewe. Hakuna amlaumuye. Ila arusini hucheza ngoma zote mbili, wala hazibi masikio. Javed, kwa maoni yangu, amenyimwa uhuru huo na mwongozaji, si na babaye.

Mwishoni baba na mwana wamo garini, na baba amekubali kumsikiliza Springsteen. Hatuonyeshwi Javed akimwuliza mzee wake aliimba nini ujanani, kabla hajaondoka Pakistani.