Oksijeni ya jua ni nzuri, lakini ni nani amefikiria unyevu?

Wandugu, tangu 2020 tunaona picha za mashine za kupumulia za huku kwetu Afrika: Bulamu ya Makerere na Kiira Motors kule Uganda, Tiba-Vent ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nilifurahi kama kila mutu. Lakini kwa Itebero, mutoto mwenye nimonia anakosa kwanza oksijeni yenyewe. Mashine ya kusukuma hewa, bila oksijeni na bila muganga aliyeizoea, ni kabati ya bei kali.

Njo maana ninasifu zaidi kazi ya Michael Hawkes na wenzake kule Uganda, iliyoanzia Jinja. Plaki za jua, batri, na mashine inayovuta hewa ya kawaida (oksijeni iko paka 21%), inakamata azoti, inatoa oksijeni karibu safi. Walipima kwa vituo 20. Matokeo yalitoka katika The Lancet 2024: kwa watoto waliopungukiwa oksijeni, vifo vya masaa 48 ya kwanza vilishuka karibu nusu. Hakuna kungojea chupa kutoka mujini. Mwenye kupita barabara ya Bukavu–Walikale wakati wa mvua anaelewa.

Sasa kasoro. Kinachokamata azoti ni zeoliti. Sisi wa agronomia tunaijua, wengine wanakaushia nayo mbegu, juu inavuta maji sana. Shida iko hapo hapo. Ikijaa unyevu, hasa mashine ikilala bila kazi, haikamati tena azoti. Mashine itanguruma vizuri kabisa, na mutoto atapata hewa ile ile tunayopumua bure. Kwa macho huwezi kujua. Na Itebero ni pori na mvua. Hata mahindi kwa depo yanaota kuvu.

Kikundi cha FREO2, cha Chuo Kikuu cha Melbourne, kilijaribu nguvu ya maji yanayoteremka, bila umeme. Kwa inchi ya mito kama Walikale, mimi ningejaribu hiyo mbele ya plaki, maana huku mawingu yanaweza kukaa siku mingi. Lakini nayo inapitisha hewa kwa zeoliti.

Kwa hiyo mradi ukifika hapa na jina la «mashine inayojitegemea», nitauliza: zeoliti ya kubadilisha iko kwa nani, kwa bei gani? Kipimo cha oksijeni kiko ndani ya karto, ao kitanunuliwa kando? Na nani atapima kila asubuhi? Ma-ancien wa afya na wa umeme mulio humu, mutujibu.