Mkataba Uliomwacha Mdai Nje

Anayetaka kuelewa kwa nini Mkataba wa Troyes haukuleta amani kati ya Uingereza na Ufaransa, aanzie Kanyenye, Tabora. Yaliyotokea Troyes mwaka 1420 yalijirudia hapa Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi, yapata mwaka 1860.

Troyes ilisimama juu ya nguzo tatu. Henry V wa Uingereza amwoe Catherine, binti wa Charles VI wa Ufaransa. Awe mrithi wa mkwewe na, kwa kuwa mzee alisumbuliwa na ugonjwa wa akili, ashike madaraka tangu hapo. Mwana wa mfalme, Charles, akose urithi. Tena ikaandikwa kwamba upande wowote usipatane naye bila ridhaa ya wenzake. Nguzo hiyo ya tatu, ya kumnyima Charles urithi, ndiyo iliyouangusha mkataba. Kijana huyo alishika nchi za kusini mwa mto Loire, akabaki na askari na mapato. Mwaka 1422 Henry na mkwewe wakafariki, taji likamwangukia mwana mchanga wa Henry. Mwaka 1429 Charles akatawazwa Reims.

Unyanyembe nayo ilianza na ndoa: Muhammed bin Juma, mfanyabiashara Mwarabu na baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Fundikira alipokufa, Mnywa Sele akashika utemi, akatoza ushuru bidhaa zilizoingia nchini mwake. Wafanyabiashara Waarabu wakamng'oa, wakamsimika Mkasiwa.

Ushuru ukaondoka, lakini Mnywa Sele akaingia porini na kuishambulia misafara. Pembe za ndovu na vitambaa vilipita njia hiyohiyo, kwa hiyo aliyeitikisa njia aliutikisa mji mzima. Mwaka 1861 Snay bin Amir, mfanyabiashara mkubwa wa Kaze, makazi ya Waarabu hapa Tabora, akauawa vitani. Ndipo wenzake wakamwomba Speke, mpelelezi Mwingereza, awapatanishe. Wajumbe wa Mnywa Sele walikuja, mazungumzo yakavunjika, Mkasiwa akabaki kitini. Vita havikwisha hadi Mnywa Sele alipouawa mwaka 1865.

Mkataba hupimwa kwa swali moja kabla ya kutiwa sahihi: anayeachwa nje ameshika nini? Kama ameshika ardhi au njia, apewe fungu analoweza kulikubali, naye aitwe mapema, kiti kikiwa bado kitupu. Waarabu wa Kaze walimwita Mnywa Sele baada ya kumkalisha mwingine, na kuchelewa huko kuliwagharimu wao, kukawagharimu zaidi Wanyamwezi ambao vita vilipiganwa mashambani mwao.