HealthCare.gov: upande uliosimama na upande uliolala

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ambayo wakazi wa majimbo 36 walitakiwa kununulia bima ya afya chini ya sheria iliyotiwa saini na Rais Barack Obama mwaka 2010. Siku ilipokwisha, waliofanikiwa kununua bima hadi hatua ya mwisho walikuwa 6. Mkasa huu umezoeleka kusimuliwa kama habari ya seva kuelemewa na watu. Naona seva zimesingiziwa. Kilichoiangusha tovuti ile ni maamuzi yaliyofanyika wakati wa ujenzi wenyewe, na machache kati yake ndiyo yaliyohusu uandishi wa msimbo.

Ushahidi wa kwanza ni kwamba tovuti haikuanguka yote. Ilikuwa na pande mbili. Upande wa maelezo, ambako mtu anasoma bima ni nini na nani anastahili ruzuku, ulijengwa na kampuni ndogo ya Washington iitwayo Development Seed, kwa kutumia programu ya Jekyll. Utaratibu wake ni mwepesi: kila ukurasa unatengenezwa mapema na kuwekwa tayari kama faili, kwa hiyo mgeni anapobofya, seva inamkabidhi faili lile bila kuuliza hifadhidata chochote. Upande huu ulifunguliwa Juni 2013, na umati wa Oktoba ulipofika haukutikisika.

Upande wa pili ndio uliokuwa na kazi. Sehemu kubwa yake ilipewa CGI Federal mwaka 2011. Kampuni ya QSSI ikajenga kituo cha kupitishia taarifa pamoja na mfumo wa usajili wa akaunti. Hebu tumfuate mwombaji mmoja. Anafungua akaunti, anachagua jina na nywila, anajibu maswali ya usalama, anathibitishwa kuwa ni yeye. Kisha kituo kile kinauliza mamlaka ya kodi kuhusu kipato chake, kinauliza mfuko wa hifadhi ya jamii kuhusu namba yake, kinauliza idara ya uhamiaji kama yupo nchini kihalali, na majibu yote yanatakiwa yarudi papo hapo, akiwa bado amekaa mbele ya skrini. Ndipo anaonyeshwa bima na bei zake. Siku ya uzinduzi wengi hawakufika hata kwenye kipato: walipofungua orodha ya maswali ya usalama walikuta tupu, hakuna swali la kuchagua.

Mpango wa awali ulikuwa na njia ya kumruhusu mgeni atazame bei kwanza, ajisajili baadaye. Mwishoni mwa ujenzi CMS, yaani wakala wa serikali uliokuwa mteja wa kazi hii, uliagiza njia hiyo izimwe. Kwa agizo hilo moja, hata aliyetaka kuchungulia tu akalazimika kufungua akaunti. Maofisa walisema walijiandaa kwa watu 50,000 hadi 60,000 kwa wakati mmoja, wakaja 250,000. Sawa, lakini wangapi kati yao walikuja kununua siku ile? Sehemu nyonge kuliko zote ndiyo iliyogeuzwa mlango pekee wa kuingilia.

Yeyote aliyewahi kumjengea mteja tovuti anaujua ugonjwa huu. Mahitaji yanaendelea kubadilika, tarehe ya uzinduzi haisogei, na kinachomegwa ni muda wa majaribio. Kanuni nyingi za bima zilikuwa zikiandikwa huku mafundi wakiandika programu, na gharama ya mkataba wa CGI ikapanda kutoka dola milioni 56 hadi zaidi ya milioni 209 ilipofika Februari 2014. Mbele ya Bunge, wakandarasi walikiri kwamba mfumo mzima, mwanzo hadi mwisho, ulijaribiwa katika wiki mbili za mwisho tu. Jaribio la mzigo la siku chache kabla ya uzinduzi lilikwama kwa mamia ya watumiaji wa kuigiza, na tarehe ikabaki palepale.

Nani alikuwa na mamlaka ya kusema tusubiri? CMS ilijipa yenyewe kazi ya kuunganisha sehemu za wakandarasi wote, zaidi ya 50, bila kuwa na uzoefu wa kazi ya ukubwa huo. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa kila mkandarasi alishika kasia lake na usukani ukabaki bila mtu. Kila mmoja aliweza kusema kwa ukweli kwamba kipande chake kilikamilika. Maungio baina ya vipande hayakuwa na mwenyewe.

Ndiyo maana uokoaji ulianza na mambo ya kawaida kabisa. Jeffrey Zients alipewa usimamizi, QSSI ikapandishwa kuwa mkandarasi mkuu, na wahandisi kama Mikey Dickerson wa Google wakaitwa. Walikuta hakuna skrini inayoonyesha hali ya mfumo mzima. Mafundi walikuwa wakijua tovuti imezima kwa kusikia habari. Wakaweka vipimo. Wakahifadhi mahali pa karibu taarifa zinazoulizwa kila mara ili hifadhidata isisumbuliwe upya kwa jambo lile lile. Wakaitisha vikao vifupi kila siku ambamo kulaumiana kulipigwa marufuku. Ilipofika 1 Desemba, muda wa ukurasa kujibu ulikuwa umeshuka kutoka sekunde 8 hadi chini ya 1, na makosa kutoka asilimia 6 hadi chini ya 1.

Kabla ya msimu wa pili wa usajili, mwishoni mwa 2014, fomu ya skrini 76 ilipunguzwa hadi 16 kwa wengi wa waombaji wapya, na mgeni aliweza kutazama bei bila kufungua akaunti.