Mikoa 31, kurasa ngapi?

Kuna aina ya maandishi ya safari ambayo imeshamiri sana mitandaoni miaka ya karibuni, na sijaona mtu akiyahakiki kama tunavyohakiki riwaya au diwani. Unayajua. Mtu anaweka ramani ya Tanzania, mikoa aliyofika imepakwa kijani, mingine nyeupe, halafu anatuambia imebaki minne tu. Siku akifikisha 31 kati ya 31 anaandika makala ndefu, kila mkoa na aya yake, kila aya na picha yake. Mimi nazisoma zote. Naishi Bariadi, kazi yangu ni habari, na kila makala mpya ikitoka nashuka moja kwa moja mpaka Simiyu kuona tumepewa mistari mingapi.

Mara nyingi ni mmoja. Kwamba Simiyu alipita akielekea Serengeti.

Anayeujua mkoa huu anaelewa alipita wapi. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma inakatiza wilaya ya Busega, inapita Nyashimo, inapita Lamadi, halafu inaingia Mara. Abiria ananunua maji dirishani, basi linaondoka, mkoa umeshahesabiwa. Bariadi, makao makuu ya mkoa, iko kilomita zipatazo 70 kutoka hapo Lamadi, tena kwa lami. Maswa, Itilima na Meatu ndo usiseme.

Na hata huko kuhesabu kwenyewe kuna kichekesho. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, pamoja na Geita, Njombe na Katavi. Busega ilitoka Mwanza, kwenye wilaya ya Magu. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Shinyanga. Songwe ikaja 2016, ikakatwa kutoka Mbeya. Kwa hiyo aliyekunywa chai Lamadi mwaka 2011 aliinywa Mwanza. Akirudi leo kwenye benchi lile lile, kwa mama ntilie yule yule, anainywa Simiyu, na ramani yake inaongezeka kijani. Kwenye kikombe hakuna kilichobadilika.

Hii kwangu ni kasoro ya uandishi kuliko ya usafiri. Mwandishi amechukua mpaka wa kiutawala, uliochorwa ili ofisi za serikali ziwe karibu na wananchi, akaufanya muundo wa simulizi. Matokeo yake kila mkoa unapata kipande sawa, Tabora na Dar es Salaam na Kusini Pemba, kama mgao wa sukari. Alipochoka, alipopotea, alipokaa bure siku nzima kwa sababu gari limeharibika, hapo ndipo penye hadithi, lakini panarukwa kwa kuwa hapabadilishi idadi. Nimesoma makala za namna hii ambazo hakuna mtu hata mmoja aliyefungua mdomo kusema neno kuanzia Kagera mpaka Mtwara. Nchi ya watu zaidi ya milioni 60, bwana, kimya!

Niwe mkweli lakini, siwalaumu kwa haraka yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, Jumamosi na Jumapili zikiwamo humo humo. Ukitoa msiba mmoja, harusi mbili na wiki ya kumwona mama, unabaki na nini? Wazazi wetu wengi waliiona nchi kwa barua ya uhamisho: mwalimu leo Songea, mwaka kesho Kibondo, mizigo juu ya lori. Likizo ilikuwa ya kurudi nyumbani. Wachaga tunawatania kila Desemba kwamba wanakwenda kuhesabiwa, na utani huo unatuhusu wote, kwani likizo ya Mtanzania tangu zamani ni ya kwenda mahali ambapo usipofika utaulizwa. Kijana anayechukua siku zake chache akaenda Katavi, asikokuwa na shangazi wala deni, anafanya jambo jipya kabisa. Ameacha kwenda kuhesabiwa, amekwenda kuhesabu. Ni jambo zuri. Ila anayeweza kumaliza mikoa yote kila mwaka bila kuomba ruhusa kwa bosi ni Mwenge wa Uhuru peke yake, nao una msafara.

Mtu akisema labda Kiswahili hakina utamaduni wa kuandika safari, nakataa. Mwaka 1901 kilichapwa Ujerumani kitabu kinachoitwa Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten. Humo Salim bin Abakari anasimulia alivyofuatana na Mjerumani aitwaye Bumiller mpaka Urusi na Siberia, mwaka 1896. Ni mbali kuliko mkoa wowote. Lakini ninayempenda zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye safari yake ni ya Udoe mpaka Uzigua. Kwa ramani ya leo hajavuka hata Tanga. Mkusanya mikoa angejaza rangi sehemu mbili tu. Yeye akapata la kusema juu ya watu na mila zao, kwa sababu alikwenda akiwa na maswali. Tusimtukuze kupita kiasi: ni kitabu kilichoandikwa kwa kuombwa na Mzungu, wakati wa utawala wa Wajerumani, na mtu wa pwani anawatazama wa bara kutoka juu, neno washenzi linatoka bila kigugumizi. Hata hivyo, mtu anayekudharau huku anakutazama ameacha kitu ambacho mjukuu wako anaweza kukisoma na kukibishia. Aliyekupita dirishani hakuacha chochote.

Au tuje huku ziwani. Aniceti Kitereza aliandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, na kwa Kiswahili kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe arudi. Safari yenyewe haitoki nje ya kisiwa cha Ukerewe, ambacho leo ni wilaya moja tu ya Mwanza, lakini kuna salamu, kuna kungojeshwa, kuna pombe anayodaiwa na wakwe, na kurasa zinakwenda na hutaki ziishe.

Kwa hiyo kama kuna anayepanga kuja Simiyu na kuandika, ombi langu ni apange kwa kalenda kabla ya ramani. Desemba utakuta watu wako shambani, pamba inapandwa, na mtu anayepanda pamba hana muda na wewe. Njoo Juni. Msimu wa kununua pamba unakuwa umefunguliwa, mizani ziko kwenye AMCOS, malori yamejaa mpaka yanapepesuka, na kila kijiwe kinabishana kuhusu bei. Huo ubishi uandike. Huu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na bei ya kilo ndiyo inayoamua nani anasoma, nani anaoa, nani anauza ng'ombe.

Mavuno yakiisha ndipo ngoma zinapoanza. Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya Wasukuma, yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakimbia huku na huku kufuata kinachowavutia. Mwenye watu wengi zaidi ndiye mshindi. Jaji hana karatasi; uhakiki unafanywa kwa miguu. Sijui uwanja mwingine wowote hapa nchini ambako msanii anaonyeshwa waziwazi kiasi hicho kwamba amechosha watu.

Kaa siku nane. Jifunze kuitikia mtu akikwambia mwangaluka asubuhi, kula matobolwa kwa maziwa mgando, nenda Mwanhuzi, uliza mvua ilikuwaje Meatu mwaka huu na umwache anayejibu amalize. Ukiandika, weka nauli, weka saa ulizosubiri stendi, weka jina la kijiji hata kama halimo kwenye ramani yako. Mikoa mingine 30 iache kwanza, nitakusoma mpaka mwisho.