Anza na Kivuli cha Chini ya Chungu

Nikiletewa picha ya vyombo vya nyumbani niipime, siangalii kwanza chungu wala ndimu zilizowekwa kando yake. Naangalia pale kitako cha chungu kinapokutana na meza. Hapo pana kivuli chembamba kuliko vyote na cheusi kuliko vyote, mfano wa uzi wa wino uliobanwa kati ya udongo na mbao. Uzi huo ukionekana, chungu kimekaa; kina uzito, na meza imekipokea. Usipoonekana, chungu kinaelea, na jicho likishaona kinaelea haliwezi tena kutulia kwenye kitu kingine.

Kivuli ndicho shahidi wa picha. Rangi hubadilishwa kwa kidole kwenye simu, ukuta wa nyuma hufutwa, lakini kivuli kitasema mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mpana kiasi gani, na kama mpiga picha aliutafuta au aliukuta tu. Mpiga picha André Kertész alipiga picha ya uma mmoja ulioegemea ukingo wa sahani, mwaka 1928, akiwa Paris. Uma na sahani, basi. Kivuli cha uma na kivuli cha sahani vinafanya nusu nzima ya kazi, na ukiviziba kwa kiganja picha inabaki tangazo la duka la vyombo.

Kivuli kizuri cha mwanga wa dirisha huanza kikali kitakoni, kisha hulegea kadiri kinavyokwenda mbali na chombo. Kikiwa kikali mwanzo hadi mwisho, jua limepiga moja kwa moja, au fleshi imetumika. Kikiwa ukungu mtupu kote, mwanga umekuja kutoka pande zote na chombo kimekosa umbo. Jambo hili lina hesabu yake rahisi. Dirisha la upana wa mita moja, chungu kikiwa nusu mita kutoka hapo, ni chanzo kikubwa cha mwanga na kivuli huwa laini. Sogeza chungu hadi mita tatu, na dirisha lilelile limekuwa dogo machoni pa chungu, kivuli kinakaza. Kwa hiyo kabla ya kununua taa yoyote, sogeza meza.

Huku kwetu pwani kuna tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havina sababu ya kulitaja. Mchana jua liko utosini, upenu unalizuia lisiingie, na mwanga unaofika ndani umekwisha kudunda uani kwanza. Kama ua ni wa saruji au mchanga mweupe, mwanga huo unaingia ukipanda kutoka chini. Utautambua kwenye picha papo hapo: sehemu ya chini ya tumbo la chungu inang'aa kuliko bega lake, kana kwamba mtu ameweka koroboi sakafuni. Ua ukiwa wa udongo mwekundu, bakuli jeupe linapata wekundu ambao mwenye picha hakuuona alipokuwa akipiga, maana macho yetu huuzoea upesi na kamera haiuzoei. Dawa yake ni kufunika nusu ya chini ya dirisha kwa kitambaa cheusi au kipande cha boksi, ili mwanga wa mbingu peke yake ndio uingie. Mimi hupenda saa mbili hadi saa nne asubuhi, kwenye dirisha la upande usio na jua. Upande wa pili wa vyombo nasimamisha karatasi nyeupe kama kivuli kimezidi, au kitambaa cheusi kama hakitoshi. Hiki cha pili wengi hawakijui: weusi ukiwekwa karibu na chombo huongeza kivuli, kama vile weupe unavyokipunguza.

Baada ya kivuli ninauliza mkono. Je, nikinyoosha mkono kwenye picha hii, vidole vingejua vinagusa nini? Chungu cha udongo kilichopikiwa miaka mingi kina masizi makavu yasiyong'aa. Bakuli la bati lililopakwa rangi lina mng'ao mdogo, mkali, ukingoni, na pale rangi ilipobanduka pana weusi wa chuma. Kifumbu cha kukamulia tui kina nyuzi za ukindu zinazochomoza ovyo. Picha njema huvitenganisha hivi vyote bila maelezo. Picha mbaya hufanya kila kitu kionekane cha plastiki, na siku hizi kosa hilo mara nyingi hutoka kwenye simu yenyewe, inayolainisha sura ya kila kitu na kuyafifisha ya nyuma kwa kubahatisha. Ukitaka kulikamata, kuza picha utazame ukingo wa kifumbu. Kama nyuzi zimekatwa sawasawa kama kwa mkasi, ule ukungu wa nyuma ni wa programu, si wa lenzi. Zima kipengele hicho. Kifumbu bila nyuzi zake ni mfuko tu.

Mpiga picha Edward Weston alipiga picha ya pilipili hoho mwaka 1930 akiwa ameiweka ndani ya faneli kubwa ya bati. Faneli ile iliukusanya mwanga na kuurudisha kwenye mikunjo ya hoho, hata ngozi yake ikaonekana kama ya mtu aliyejikunja. Watu husifu umbo, nami nalisifu, lakini ninachokitazama zaidi ni utepe mwembamba wa mng'ao unaopita juu ya kila mkunjo. Mng'ao huo una mwanzo, una kilele, una mwisho, na ndani ya kilele bado kuna ngozi. Hapo ndipo penye ufundi: weupe uliofika mwisho bila kuungua.

Kwa sababu hiyo yai ni mtihani mzuri kuliko ua la waridi. Weka yai jeupe juu ya kitambaa cheupe, piga, kisha hesabu viwango vya weupe. Ukiona weupe mmoja tu, yai limeungua. Ukiona kitambaa kimekuwa kijivu kama kilichofuliwa na soksi, kamera imekudanganya, maana hudhani kila ilichoelekezewa kina mwanga wa wastani, hivyo huufifisha weupe na kuupausha weusi. Kwenye simu gusa yai, kisha pandisha mwanga kidogo. Chungu cheusi mbele ya ukuta mweusi, fanya kinyume chake. Kwenye weupe ongeza, kwenye weusi punguza. Akili hukataa mwanzoni, mkono huzoea.

Kuchanganya weupe na kioo ni shida ya zamani. William Henry Fox Talbot wa Uingereza, katika kitabu chake cha picha The Pencil of Nature kilichoanza kutoka mwaka 1844, aliweka vyombo vya kaure kwenye ukurasa mmoja na vyombo vya kioo kwenye mwingine. Alieleza kwamba kaure nyeupe na kioo havipatani katika picha moja: kaure hung'aa mno, ikawa imekamilika kabla ya kioo kuanza kutokea vizuri. Mpaka leo nikiona kikombe cheupe na bilauri pamoja, naenda moja kwa moja kwenye ukingo wa bilauri. Aliyejua kazi yake ameipa bilauri mwanga wa kutoka nyuma, kupitia pazia jeupe, na ukingo umechorwa kwa mstari mweusi usiokatika. Asiyejua amemulika kwa mbele, na bilauri imekuwa doa la mng'ao lisilo na umbo.

Sufuria ina siri yake. Chungulia tumboni mwake. Mara nyingi utamkuta mpiga picha humo, shati lake, simu yake, na dirisha lililopinda. Dirisha si kosa, ndilo linalosema sufuria ni ya alumini. Shati jekundu ni kosa. Vaa nguo nyeusi, rudi nyuma hadi mita moja au zaidi, kisha vuta kwa lenzi ya mbali ya simu kama ipo, au kata picha baadaye. Kurudi nyuma kunaponya na kosa jingine: simu ikiwa sentimita ishirini kutoka kwenye birika, mdomo wa birika huvimba kuelekea kwako na mpini hunywea.

Taa ya balbu na dirisha visikae pamoja. Ukiona sahani moja ina ubuluu upande huu na rangi ya chungwa upande ule, taa haikuzimwa. Lakini wekundu wa kanga ukidondokea kwenye sahani iliyo juu yake, uache. Huo ni ukweli wa meza ile.

Upangaji nauzungumzia kwa ufupi, maana wengi huanzia hapo na kuishia hapo. Vitu vifahamiane: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, bakuli, kifuu kitupu. Vina kazi moja, na mtu aliyelelewa jikoni atajua kipi kilitangulia na kipi kinafuata. Miwani, waridi, kitabu na kikombe cha kahawa, vilivyookotwa vyumba vinne tofauti, havina la kuambiana. Vitu viwili ama vipishane wazi, kimoja mbele ya kingine, ama viachiane nafasi. Vikigusana kwa nukta moja tu ukingoni, jicho hukwama hapo. Na tofautisha uchafu na umri. Vumbi la jana lifute. Meno ya mbuzi yaliyolika, na ubao wake uliong'arishwa na miaka ya kukaliwa, usiviguse.

Nazi yenyewe ivunjwe mwisho, kila kitu kikiwa tayari, dirisha limefunikwa na simu imeegemezwa kwenye mfuko wa mchele isitikisike. Nyama ya nazi iliyovunjwa sasa hivi ina umande mwembamba, na mwanga wa pembeni unaushika kama chembe za chumvi. Ukichelewa, umande huo unakauka na weupe unaanza kufa ukingoni, karibu na kifuu. Ndipo ninapomalizia kupima: nautafuta ule umande. Nikiukuta, najua aliyepiga alikuwa amemaliza kazi ya mwanga kabla hajashika panga.