Njeo ya Kesho: Nadharia ya Mbiti na Soko la Kikuubo

John Mbiti, akifundisha Makerere, alidai katika African Religions and Philosophy (1969) kwamba fikra za jadi za Mwafrika zimejengwa juu ya Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haumo. Alitegemea zaidi njeo za Kikamba na Kigikuyu. Kampala ina ushahidi mwingine. Kiganda hutenga wakati ujao wa karibu (-naa-) na wa mbali (-li-). Katika kisaasili cha Kintu na Nambi, wawili hao wanaonywa wasirudi nyuma. Mmoja anarudia ulezi wa kuku uliosahauliwa, na Walumbe, yaani Kifo, anawafuata hadi kwa wazao wao wote. Hoja ya kisa ni kwamba tendo la leo huifunga kesho. Hoja hiyohiyo huendesha biashara ya jumla Kikuubo: bidhaa huagizwa ng'ambo kupitia Mombasa, na mteja hukopeshwa kwa ahadi.

Mbiti anastahili sifa kwa kuzihesabu imani hizi kuwa falsafa. Hata hivyo, sera inayomwona mchuuzi kama mtu asiye na kesho itampangia mafunzo ya jambo alilorithi.